Nipake Nini? Historia Fupi ya Nywele Zetu Unguja

SEHEMU YA 1

Mama zangu, dada zangu, na nyinyi kina baba mnaosoma kimyakimya bila kuweka hata alama. Siku hizi maswali mnayoniletea kwa ujumbe si ya chanjo wala ya homa. Ni ya nywele. "Nesi, nina mtoto wa miezi mitatu, nikichana nywele zinatoka fungu." "Nesi, binti yangu wa miaka mitano kipaji kimepanda, mbele hakuna kitu." "Nesi, nywele zimekatika baada ya dawa, sasa nipake nini?"

Nipake nini. Wote mmemaliza hivyo hivyo. Hakuna hata mmoja aliyeuliza aache nini.

Nikaona badala ya kumjibu kila mtu peke yake niandike mfululizo, na nianzie mbali, kwa bibi za bibi zetu. Maana kila kitu tunachojipaka leo kina siku kilipoingia kisiwani na sababu iliyokileta, na mara nyingi sababu hiyo haikuwa afya ya nywele. Ukiijua, kukiacha kunakuwa kwepesi. Mtoto akilala soma, akiamka weka simu, sehemu nyingine zitakusubiri.

Tuanze na nywele za kwanza kabisa, za mtoto mchanga.

Sayyida Salme, binti wa Seyyid Said, alizaliwa jumba la Mtoni mwaka 1844. Mwaka 1866 aliondoka Unguja, akaolewa na Mjerumani, akaitwa Emily Ruete, na mwaka 1886 akatoa kitabu cha kumbukumbu zake kwa Kijerumani. Ndani yake anaeleza mtoto wa jumbani alivyonyolewa siku ya arubaini. Nywele zile, anasema, hazichomwi moto wala hazitupwi ovyo. Huzikwa, au hupelekwa baharini, au hufichwa kwenye ufa wa ukuta.

Sisi wengi tunanyoa siku ya saba kwa akika, na wenye uwezo wanapima uzito wa nywele na kutoa sadaka ya fedha. Arubaini au saba, kunyoa kwenyewe hakuna ubaya. Ninachoomba ni wembe mpya, uliofunguliwa hapo hapo, na mikono iliyooshwa kwa sabuni. Wembe wa baba ulioko dirishani usiguse kichwa cha mwanangu. Na jambo moja la kumtoa mama wasiwasi: nywele za kichanga hazikui nzito zaidi kwa sababu zimenyolewa. Kunyoa hakufiki kwenye mzizi. Na kile kipara cha kisogoni, miezi mitatu au minne hivi, kinatokana na kulala chali na nywele za uzazi kupukutika zenyewe. Usikipake kitu.

SEHEMU YA 2

Hii sehemu si nyepesi, lakini bila yake hatutaelewa kwa nini kichwa cha mwanamke hapa kwetu kina mambo mengi hivi.

Tunaposimuliwa urembo wa zamani tunatajiwa jumba: asumini, udi, hamamu ya Kidichi ambayo Seyyid Said aliijenga kwa ajili ya mkewe wa Kiajemi mwaka 1850. Ni kweli yote. Lakini nani aliyekuwa akizikanda nywele za bibi mkubwa? Nani aliyekaa saa mbili akimsuka? Ule utaratibu mrefu wa kuoshwa, kupakwa, kufukizwa na kupambwa maua uliwezekana kwa sababu mikono iliyofanya kazi ilikuwa ya watumwa. Shoga yangu unayejilaumu kwamba huna muda wa kutunza nywele "kama wa zamani", wewe una mtoto mgongoni, maji ya kuteka na biashara ya kuuza. Wa zamani aliyekuwa na muda alikuwa na mtu.

Na huyo mtu mwenyewe kichwa chake kilikuwaje? Mwanahistoria Laura Fair, kwenye kitabu chake kuhusu Zanzibar cha mwaka 2001, anaeleza kwamba watumwa mara nyingi walikuwa na vichwa vilivyonyolewa na hawakuruhusiwa kuvifunika mbele ya waungwana. Kichwa wazi kilikuwa alama. Utumwa ulipopigwa marufuku Unguja na Pemba, Aprili 1897, wakati wa Sultani Hamoud (masuria wakasubiri hadi 1909, lakini hiyo ni hadithi ya siku nyingine), wanawake waliotoka utumwani hawakukaa kungoja kuambiwa wavae nini. Walinunua kanga. Wakajitanda. Baadaye wakavaa buibui. Kufunika kichwa kulikuwa kusema: mimi si wa mtu.

Kwa hivyo unapomwona bibi yako hatoki hata kwenda kisimani bila mtandio, usidhani ni dini peke yake, ingawa dini imo. Imo na kumbukumbu hiyo. Na chini ya mtandio ule nywele zilikuwa zake mwenyewe, hazimhusu mpita njia. Hazikuhitaji kuwa ndefu, hazikuhitaji kung'aa.

SEHEMU YA 3

Sasa, bibi huyu alifanya nini na nywele zake? Kidogo sana. Hapa ndipo ninapotaka mkae vizuri.

Alikuwa na mafuta ya nazi. Alikuwa na chanuo. Alikuwa na mtu wa kumsuka, jirani au binti, kibarazani baada ya alasiri. Usiku wa furaha aliongeza kikuba cha asumini na rehani, akajifukiza udi kwenye chetezo. Basi. Kichwa kikasukwa, kikakaa wiki, kikafumuliwa, kikaoshwa, kikasukwa tena.

Msuko wa kawaida kuliko yote una jina ambalo kila mwanamke wa pwani analijua: twende kilioni. Mistari iliyonyooka kutoka mbele kwenda kisogoni, mikubwa, haina urembo. Msiba umetokea, unasukwa haraka, unajitanda, unakwenda. Watu wanaucheka sasa, eti msuko wa kishamba. Mimi kama nesi nauheshimu. Haukazi sana, haubebi uzito wa nywele za bandia, hauchukui siku nzima, na ukiufumua nywele zote zimo.

Mafuta ya nazi nayo yamefanyiwa utafiti. Mwaka 2003 watafiti wa India walilinganisha mafuta ya nazi, ya alizeti, na mafuta yatokanayo na petroli, ambayo ndiyo yamejaa kwenye vikopo vingi vya dukani. Walichopima ni protini inayopotea kwenye nywele. Mafuta ya nazi peke yake ndiyo yaliyopunguza upotevu huo, kwa nywele nzima na kwa zilizoharibika, yakipakwa kabla ya kuosha au baada. Sababu ni kwamba asidi yake kuu ni nyembamba, inapenya ndani ya unywele. Ya petroli yanakaa juu tu. Yanang'aza, hayaingii.

Lakini nisiwadanganye kwa kuwasifia bibi zetu kupita kiasi. Kulikuwa na chawa. Kulikuwa na mapunye kwa watoto yaliyokaa miaka. Kulikuwa na misuko iliyokazwa mpaka mtoto hawezi kufumba macho, na mtu akisema "ukilia naanza upya". Na kulikuwa na tabia moja ambayo bado tunayo: kumwagia mafuta ngozi ya kichwa. Mafuta ni ya nywele. Ngozi yenye mba ina fangasi ambao chakula chao ni mafuta. Unapoona magamba ukaongeza mafuta, magamba yanalala siku mbili, unafurahi, halafu yanarudi na wenzao. Mba unaoshwa, haupakwi.

Tukiwa hapo hapo kwenye kuosha: maji. Wenzetu wa Mjini walipata maji ya bomba tangu enzi za Sultani Barghash, aliyetawala 1870 mpaka 1888, huyo huyo aliyejenga hamamu pale Hamamni. Sisi wa huku, Jozani, Pete, Kitogani, Unguja Ukuu na kuendelea mpaka Makunduchi, tumekalia maweni. Kisima kinachimbwa kwenye jiwe la matumbawe, na maji yanatoka na chokaa ndani yake, pengine na chumvi. Ndiyo maana unasugua sabuni ya kipande na povu haliji. Sabuni ikikutana na chokaa inafanya utando mweupe, ule ule unaobaki kwenye ndoo, na utando huo unabaki kichwani pia. Nywele zinakuwa kavu, ngumu, kama zina vumbi. Mtu anadhani nywele zake mbaya, kumbe ni kisima.

Dawa yake ya zamani ilikuwa juu ya paa. Maji ya mvua hayana chokaa. Ukikinga ndoo moja msimu wa masika, yatumie kusuuzia mara ya mwisho. Na badala ya sabuni ya kipande tumia shampuu yoyote ya kawaida, haijali chokaa sana. Sabuni ya unga ya kufulia isiguse kichwa cha mtu, tafadhalini.

SEHEMU YA 4

Nywele za singa na nywele za kipilipili. Maneno haya mawili tumeyakuta. Mtoto akizaliwa, kabla hajapimwa uzito, mtu anainama: "Mashaallah, ana nywele za singa." Au ananyamaza. Kisiwa chetu kimechanganya watu wa bara, wa Arabuni, wa Bara Hindi, wa Ngazija, na kwa muda mrefu aliyekuwa juu alikuwa na nywele za aina moja na aliyekuwa chini aina nyingine. Watu wakajifunza kusoma daraja kichwani. Mapinduzi ya 1964 yalibadilisha serikali. Neno singa halikubadilika.

Njia ya kwanza ya kulitafuta singa ilikuwa moto. Kitana cha chuma kinawekwa jikoni juu ya makaa, nywele zinapakwa mafuta, zinachomwa. Zinanyooka mpaka jasho la kwanza. Wengine mna bibi wenye alama ya kovu juu ya sikio, waulizeni.

Njia ya pili ilitoka mbali, na inabidi tuifuate hadi Marekani. Kule, mwanamke aliyezaliwa mwaka 1867 akiitwa Sarah Breedlove, wazazi wake walikuwa watumwa, alianza kupoteza nywele. Watu wa hali yake hawakuwa na maji ndani ya nyumba, kichwa kilioshwa kwa nadra, ngozi ikaugua. Akatengeneza marhamu yenye salfa, akafundisha wanawake kuosha vichwa mara kwa mara, akatajirika akijulikana kama Madam C.J. Walker mpaka alipofariki mwaka 1919. Angalieni, mwanzo wa biashara hii kubwa ulikuwa ugonjwa wa ngozi na ukosefu wa maji. Singa ilikuja kupanda juu yake baadaye.

Mwaka 1954 huko Chicago, George Johnson alianzisha kampuni na kuuza dawa ya kunyoosha nywele, kwanza kwa wanaume. Kiungo chenye nguvu katika dawa za aina hiyo ni kostiki. Ndiyo, kostiki ile ile ya kutengenezea sabuni na kuzibulia mabomba, ila imepunguzwa makali na kuwekwa ndani ya krimu.

Kwetu haikufika mara moja. Upande wa bara, Oktoba 1968, vijana wa TANU walitangaza Operesheni Vijana: kuanzia tarehe 1 Januari 1969, Dar es Salaam marufuku sketi fupi, mawigi, krimu za kujichubua na suruali za kubana. Hoja yao ilikuwa utamaduni wa taifa. Mimi nina la kusema hapo: waliokuwa wakiwakimbiza wasichana mitaani kwa ajili ya wigi walikuwa wanaume, na hakuna aliyemfundisha yule msichana namna ya kutunza nywele zilizokuwa chini ya wigi. Kumkataza mtu si kumsaidia. Huku visiwani miaka ile hata chakula kilikuwa cha foleni, vipodozi nani angeagiza? Nazi ikaendelea.

Halafu 1984. Ali Hassan Mwinyi akawa Rais wa Zanzibar, biashara ikafunguliwa, mwaka uliofuata akawa Rais wa Muungano, na watu wakambatiza jina Mzee Ruksa. Mizigo ikaanza kuja kutoka Dubai. Darajani ikajaa. Na ndani ya mizigo ile kulikuwa na kalikiti.

Mama zenu wanaikumbuka, waulizeni wacheke. Nywele zinanyooshwa kwa kemikali ya kwanza, zinaviringishwa kwenye vijiti, zinawekwa kemikali ya pili, zinatoka na mawimbi. Ili mawimbi yakae, kila siku unapuliza maji yenye glisirini na mafuta. Kola ya nguo inalowa, mto unalowa, kiti cha daladala kinabaki na alama. Kwa mara ya kwanza mwanamke wa Unguja akawa na nywele zinazomdai kitu kila asubuhi. Ukiacha kupuliza siku tatu zinakauka na kukatika.

Mtindo ulipobadilika, watu wakataka nywele zilizolala kabisa, wakapaka dawa ya kostiki juu ya nywele zilizokwisha kutiwa kalikiti. Kemikali hizo mbili hazipatani. Nywele zilibaki mkononi. Nalitaja si kwa historia tu: hata leo saluni utapewa ya kulainisha yenye jina jipya juu ya nywele zenye dawa ya zamani. Kabla hujakaa kwenye kiti uliza ni kemikali gani, na kama msusi hajui, inuka.

SEHEMU YA 5

Dawa inafanya nini hasa? Unywele umejengwa kwa protini, na nyuzi za protini zimefungwa pamoja kwa vifungo vya salfa. Vifungo hivyo ndivyo vinavyoupa mkunjo, na ndivyo vinavyoupa nguvu. Dawa inavivunja. Mkunjo unakwenda, nguvu inakwenda nao. Havijirudii. Unywele uliokwisha kutoka kichwani hauna damu wala uhai, kwa hivyo hauponi, hata upakwe nini. Maneno "hurudisha uhai wa nywele" kwenye chupa ni ya muuzaji. Kinachoweza kupona ni kiwanda kilichomo ndani ya ngozi, kama hujakiunguza.

Na hapa naongea na mama wa mtoto. Wiki ya kabla ya Sikukuu tunaletewa watoto wa miaka mitatu, minne, wenye malengelenge kichwani. Kikasha kina picha ya mtoto anacheka, kimeandikwa hakina kostiki. Ni kweli hakina kostiki, lakini kina kemikali nyingine kali ya jamii hiyo hiyo, na ngozi ya mtoto ni nyembamba kuliko yako. Akiungua: maji mengi yanayotiririka, dakika 20 kamili, usipake dawa ya meno wala asali, halafu mlete. Ikiingia jichoni, maji vilevile na uje haraka. Na akiilamba au kuimeza, usimtapishe. Msuuze mdomo, mkimbize hospitali, maana inaunguza koo ikiingia na inaliunguza tena ikitoka. Kopo lililobaki lisikae chini ya kitanda.

Kwa watu wazima kuna jambo jipya. Oktoba 2022 huko Marekani ulitoka utafiti uliowafuata wanawake 33,947 kwa takriban miaka 11. Kati ya wasiotumia dawa za kunyoosha, ilikadiriwa kwamba asilimia 1.64 wangepata saratani ya mji wa mimba wafikapo miaka 70. Kwa waliotumia zaidi ya mara nne kwa mwaka, asilimia 4.05. Haithibitishi kwamba dawa ndiyo iliyosababisha, na wengi wa watumiaji hawakuugua. Kama umetia dawa miaka kumi usilale ukilia. Ila ukiwa unatafuta sababu ya kuacha, hii nayo ni moja.

Kisha kuna kuvutwa. Rasta ndefu, wivingi, mkia uliokazwa mpaka nyusi zinapanda. Mzizi ukivutwa kila siku unachoka. Kwanza vinatoka vipele vidogo pembezoni na kichwa kinauma usiku wa kwanza. Halafu kipaji kinarudi nyuma na nywele za pembeni zinapotea. Ukifumua mapema, zinarudi. Ukiendelea miaka, mzizi unakufa na ngozi inabaki laini inang'aa, na hapo hakuna mafuta ya nazi wala ya kitunguu yatakayosaidia. Msuko unaouma ni msuko mbaya. Mtoto akilia anaposukwa anakupa taarifa.

SEHEMU YA 6

Tuje kwa mzazi wa miezi mitatu, mana ndio wengi.

Ukiwa na mimba, homoni zinazizuia nywele zisipukutike kwa zamu yake. Ukijifungua homoni zinashuka, na baada ya miezi miwili mpaka minne zile zote zilizochelewa zinatoka pamoja. Ndio maana yanakuja mafungu. Utaambiwa ni husda. Utauziwa mafuta. Hutopata kipara, na kwa kawaida mtoto anapofika mwaka nywele zimejaa tena. Kunyonyesha hakuzidishi. Kinachoweza kuzidisha ni upungufu wa damu, na hicho kinapimwa. Ukiwa unachoka, moyo unakwenda mbio, macho yako kwa ndani yamepauka, njoo upimwe badala ya kwenda Darajani kununua kopo jingine. Ikipita mwaka zinatoka bado, njoo vilevile.

Na katika miezi hiyo usitie dawa, usisuke rasta nzito "kuficha". Unavuta nywele ambazo zimeshaachia.

Sasa lile mlilolingoja. Ukitaka kurudisha nywele zilizoharibika, nitakwambia ninachowaambia wote, na hakijazi hata kikapu. Moto uache: pasi, draya, kitana. Dawa iache. Mafuta sita uliyonayo mezani yapunguze hadi moja. Kama una nazi na mbuzi, kuna, kamua tui zito, liache litulie, chukua ule mtindi wa juu, upike kwa moto mdogo mpaka mafuta yapande na maji yaishe kabisa. Maji yakibaki yatavunda. Chuja, weka kwenye chupa kavu.

Usiku wa kuamkia siku ya kuosha, paka nywele, zaidi kwenye ncha. Asubuhi osha ngozi ya kichwa kwa vidole, si kucha, shampuu mara moja. Tia kondishina, chana zikiwa bado zimelowa, kwa chanuo la meno mapana, anzia nchani upande juu. Suuza, na maji ya mvua kama yapo. Mara moja kwa wiki yatosha, na hata wiki mbili si dhambi kama kichwa hakiwashi. Mtoto hivyo hivyo, halafu mabutu makubwa manne au matano, yalegee.

Halafu zikauke! Tunaosha saa moja asubuhi, tunajitanda saa moja na nusu, kichwa kinabaki kimelowa mpaka adhuhuri ndani ya joto hili. Fangasi wanataka nini zaidi? Osha jioni au siku usiyotoka. Na chini ya mtandio wa pamba, au usiku ukilala, funga kitambaa laini cha satini. Pamba inanyonya mafuta na inakwaruza.

Kuna mpaka kati ya nywele mpya zinazoota na za dawa zilizobaki. Hapo ndipo zinapokatikia, kwa sababu moja ina nguvu na nyingine haina. Mwenye moyo akate zote siku moja. Sisi tunajitanda, nani atajua? Asiye na moyo apunguze ncha kila mwezi na asuke twende kilioni huku akisubiri.

Piko nimeulizwa na wengi. Hina halisi ni majani, rangi yake ni nyekundu ya machungwa, haina tatizo kubwa. Hina haiwezi kuwa nyeusi kwa saa moja. Piko ni rangi ya nywele yenye kemikali iitwayo PPD, na ngozi ikishaikataa mara moja inaikataa maisha: leo vipele mkononi kwa michoro ya harusi, miaka kumi baadaye uso umevimba kwa kufunika mvi. Mtoto asipakwe kabisa, hata Sikukuu, hata kidole.

Duara zenye magamba na nywele zilizokatika kwa mtoto ni mapunye. Hayaponi kwa kupaka tu, yanataka vidonge vya kumeza kwa wiki kadhaa, na wenzake wa nyumbani waangaliwe, na chanuo lichemshwe. Mlete, usimnyoe ukamficha nyumbani wala usimkatize skuli kwa aibu.

Nywele hukua kama sentimita 1 kwa mwezi, za kipilipili pungufu kidogo. Chagua unywele mmoja wa utosini, uvute unyooke, upime kwa rula ya skuli ya mtoto, na uandike tarehe kwenye kalenda ya ukutani. Pima tena baada ya miezi mitatu, si kabla. Ukianza leo, mwakani mwezi kama huu utakuwa na kama sentimita 10 za nywele ambazo hazijawahi kuguswa na dawa, na zikijikunja zitaonekana nusu yake.